Je, niko tayari kupanda milima ya Lyngen kwa skii?

Swali: Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Moshi, na sasa nafanya kazi Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Wenzangu kazini wamenialika kupanda mlima kwa skii kule Lyngen, rasi yenye milima si mbali na Tromsø, mwanzoni mwa Aprili. Nimejifunza skii kwa misimu mitatu, kwenye njia za msituni na kwenye miteremko yenye lifti. Kabla ya kuja huku nilifika kilele cha Uhuru mara mbili, kwa hiyo mlima wa mita 1,200 haunitishi, ila kila msimu nasikia habari za watu waliofukiwa na maporomoko ya theluji. Je, niko tayari? Na nitajuaje siku ya kwenda na siku ya kukataa?

Jibu: Dada yangu, unaweza kwenda, na kwa mtu mwenye pumzi ya kufika Uhuru kazi ya kupanda haitakushinda. Lakini ruhusa hiyo ina sharti moja ambalo mengine yote yanalifuata, nalo ni kwamba miteremko mtakayoipanda na kuishuka, pamoja na ile itakayokuwa juu ya vichwa vyenu njiani, iwe na mwinamo wa chini ya nyuzi 30. Sharti hilo likitimizwa, makosa mengi ya anayeanza husameheka. Lisipotimizwa, mtakuwa mnategemea ujuzi wa kuisoma theluji, na ujuzi huo wewe bado huna, na huenda hata wenzako hawana kwa kiwango wanachodhani.

Urefu wa mlima tuuweke kando kabisa. Kilimanjaro hatari kuu ni uhaba wa oksijeni. Mwili hukuonya kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na mtu akishushwa mapema kwa kawaida hupata nafuu. Lyngen hakuna anayeugua kwa ajili ya kimo. Jiehkkevárri, mlima mrefu kuliko yote katika rasi ile, una mita 1,834, kimo kinachokaribiana na cha Lango la Marangu, mahali ambapo mpandaji wa Kilimanjaro ndiyo kwanza anaandikisha jina lake. Ila safari za huku huanzia ufukweni, kwenye maegesho yaliyo hatua chache kutoka majini, kwa hiyo mita 1,200 za kilele ni mita 1,200 za kupanda kweli. Kwa mwendo wa pole pole unaoujua, hizo ni saa nne au tano za kupanda. Tatizo ni kwamba onyo la mwili ulilozoea huku halipo. Mteremko unaotaka kukatika hausababishi maumivu ya kichwa, na mara nyingi unapendeza kuliko yote iliyouzunguka.

Rasi ya Lyngen imekaa kati ya fiodi mbili, yaani ghuba ndefu na nyembamba za bahari, Ullsfjord upande wa magharibi na Lyngenfjord upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Duara la Aktiki. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unapita pwani hiyo, na ndiyo maana bahari haigandi, na wastani wa joto la Januari mjini Tromsø ni nyuzijoto 3 au 4 tu chini ya sifuri. Wewe unaishi huko, kwa hiyo unajua maana yake: leo mvua, kesho baridi kali, keshokutwa theluji na upepo wa kaskazini-magharibi kutoka baharini, halafu upepo mkavu wa kusini-mashariki unaoshuka kutoka bara kupitia kwenye fiodi. Kila badiliko linaacha tabaka lake mlimani. Mvua ikiganda juu ya theluji huacha ukoko mgumu. Usiku mtulivu usio na mawingu huotesha juu ya theluji majani membamba ya umande ulioganda, mazuri ajabu kuyatazama. Na baridi kali inapodumu kwa siku nyingi, chembe za theluji zilizo karibu na ukoko hubadilika taratibu na kuwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana, kama sukari. Ukizichota kwenye kiganja zinapita katikati ya vidole.

Punje hizo, au yale majani ya umande, zikishafunikwa ndipo hatari inapoanza. Upepo huzoa theluji upande unaopigwa na kuilundika upande wa pili wa mgongo wa mlima, na kwa kuwa chembe huvunjika njiani na kushindiliwa, theluji hiyo hukaa kama bamba moja lililoshikana. Bamba linakuwa limelala juu ya tabaka lisiloshikana. Mtu mmoja akipita mahali ambapo bamba ni jembamba, uzito wake hulivunja tabaka la chini, ufa hukimbia ndani yake makumi ya mita kabla hajageuza kichwa, na bamba zima hukatika, mara nyingi juu yake na si miguuni pake. Ndiyo maana hesabu ya kwamba “nitaruka pembeni” haifai kitu. Ndiyo maana pia nyayo za waliotangulia si ushahidi: huenda walipita mahali bamba lilipokuwa nene, na wewe ukapita hatua tatu pembeni. Katika ajali nyingi zinazoua watu wa skii, poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mmoja wa kundi lake.

Ipo ishara moja ambayo theluji huitoa waziwazi, nayo ningependa uitambue hata kama hukumbuki lolote lingine katika aya hizi. Mnapita sehemu tambarare, kwa mfano juu kidogo ya mahali msitu unapoishia, na ghafla mnasikia mvumo mzito wa chini, kama pumzi iliyotolewa kwa nguvu, na theluji iliyo chini ya miguu inashuka sentimita moja au hata chini ya hapo. Pengine mti mdogo ulio mita kumi mbele unatikisika. Hilo ni tabaka dhaifu linaloporomoka chini yenu. Halikukatika kuwa poromoko kwa sababu moja tu, kwamba mko tambarare. Mkisikia hivyo, mjadala kuhusu miteremko mikali umefungwa kwa siku hiyo, bila kujali utabiri ulisema nini asubuhi. Vivyo hivyo mkiona poromoko jipya kwenye mteremko wa jirani, au nyufa zinazochomoka kwenye ncha za skii.

Sasa nieleze kwa nini ninang'ang'ania nyuzi 30. Maporomoko ya bamba hutokea kwa sehemu kubwa sana kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida haina nguvu ya kutosha kujivuta yenyewe ikakatika; juu sana ya hapo hudondoka kidogo kidogo na hailundikani kwa wingi. Bahati mbaya ni kwamba nyuzi 30 hadi 40 ndizo zinazofurahisha kushuka kwa skii, kwa hiyo jicho la mwenye skii huvutwa palepale penye hatari. Sehemu kali za njia nyeusi, zile ngumu kuliko zote kwenye kituo cha lifti, zina mwinamo kama huo, ila pale wapo wafanyakazi wanaoilipua au kuishindilia theluji kabla hujafika. Lyngen hakuna aliyekutangulia kufanya kazi hiyo.

Mwinamo hupimwa nyumbani, mezani, usiku wa kuamkia safari. Idara ya Maji na Nishati ya Norwei, inayojulikana kwa kifupi kama NVE, ina ramani za mtandaoni zinazopaka rangi miteremko mikali na kuonyesha pia maeneo ambayo poromoko linaweza kufika. Zifungue, mwombe mwenzako mmoja akuchoree njia yote kutoka kwenye gari hadi kileleni na kurudi, kisha uifuate kwa kidole. Kila mahali njia inapogusa rangi, muulize atafanya nini hapo. Ukiwa na ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, ambayo mistari yake ya kimo imeachana kwa mita 20, mteremko wa nyuzi 30 ni ule ambao mistari yake imekaribiana kufikia kama milimita 0.7, ikisongamana zaidi ya hapo, ni mkali. Ramani hizo hazioni kila kitu, kwa sababu kibonde chenye kingo za mita nane kinaweza kupotea ndani yake, na kibonde kama hicho kinatosha kumfukia mtu. Kwa hiyo ukiwa mlimani laza fimbo yako juu ya theluji kufuata mteremko, weka juu yake simu yenye programu ya kupima mwinamo, usome. Fanya hivyo mahali salama panapofanana na mbele mnakoelekea, si katikati ya mteremko unaoutilia shaka.

Wengi hupima wanapokanyaga na kusahau kilicho juu yao. Kanuni inayofundishwa Norwei ni rahisi: poromoko linaweza kusafiri umbali wa mara tatu ya kimo cha mteremko lilikoanzia. Mteremko mkali wenye kimo cha mita 100 unadai umbali wa mita 300 kutoka juu yake, hata kama mahali ulipo ni tambarare na unakunywa chai. Bonde lililobanwa kati ya kuta mbili linaweza kuwa na njia yenye nyuzi 10 tu na bado likawa mahali pabaya kuliko mgongo wa mlima wenye nyuzi 28. Usidhani kwamba ukikaribia nyumba za watu umetoka hatarini. Tarehe 31 Machi 2023, siku ambayo maporomoko yaliua watu sehemu mbalimbali za Troms, eneo zima linalozunguka Tromsø na Lyngen, poromoko kisiwani Reinøya lilisukuma nyumba na zizi la shambani hadi baharini, na watu wawili wakafa.

Kuhusu siku ya kwenda na siku ya kukataa, chombo chako cha kwanza ni Varsom, huduma ya maonyo ya NVE, ambayo wakati wa msimu hutoa utabiri wa maporomoko kila siku, na Lyngen ina eneo lake ndani ya utabiri huo. Hatari imepangwa kwa madaraja matano. Watu wengi husoma tarakimu wakafunga simu, na hapo wanakosea njia mbili. Kwanza, daraja la 3 si “katikati” kwa maana ya wastani. Madaraja hayapandi kwa hatua sawa, na sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za daraja la 3, kwa sababu daraja la 4 huwatisha watu wakabaki nyumbani, ilhali la 3 huwaacha wakijiamini. Pili, maandishi yaliyo chini ya tarakimu ndiyo yenye manufaa zaidi: yanasema tatizo ni theluji iliyosombwa na upepo, au tabaka dhaifu lililofukiwa na kudumu, au theluji iliyolowa, na yanaonyesha ni miteremko inayoelekea upande gani na kuanzia kimo gani. Theluji ya upepo unaweza kuiona na kuikwepa, na kwa kawaida hutulia baada ya siku chache. Tabaka dhaifu lililodumu halionekani kutoka juu, linaweza kukaa wiki nyingi, na hata wataalamu huliogopa. Ukiliona limetajwa, mimi ningekuomba usishawishiwe na mtu yeyote, hata awe kiongozi wa kulipwa, kuvuka nyuzi 30.

Kwa hiyo mwongozo wangu kwako ni huu: daraja la 1 au la 2, nenda kwenye njia mliyoipima, daraja la 3, nenda tu ikiwa njia yote iko chini ya nyuzi 30 na iko mbali na miteremko mikali iliyo juu, daraja la 4 au la 5, baki kwenye njia za msituni mlizozizoea. Ongeza hapo utabiri wa Yr, huduma ya hali ya hewa ya Norwei. Upepo mkali pamoja na theluji mpya, au joto la ghafla, au mvua juu ya theluji kavu, kila kimoja kinatosha kuifanya hali iwe mbaya kuliko ilivyokuwa jana. Na pasipoonekana vizuri hamtaweza kujua mwinamo wala ukingo wa theluji unaoning'inia juu ya genge. Kingo hizo Lyngen ni kubwa, na hukatika nyuma zaidi ya mahali mtu anapotarajia.

Aprili ina jambo lake la pekee, ambalo mtu aliyekulia karibu na ikweta hulipuuza kwa urahisi. Moshi jua la adhuhuri liko utosini. Tromsø katikati ya Aprili jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi juu ya upeo, kwa hiyo uwanja tambarare hupata miale ya ulalo, ilhali mteremko mkali unaotazama kusini hupigwa karibu usoni kabisa. Theluji ya tambarare inaweza kuwa bado kavu na ngumu wakati ile ya mteremko wa kusini imelowa na kuanza kudondosha mabonge. Mchana nao unazidi saa 14 na jua huchukua muda mrefu kuzama, kwa hiyo miteremko ya magharibi huendelea kupashwa hadi jioni. Kanuni ya “tushuke kabla ya adhuhuri” inafaa upande wa kusini-mashariki. Upande wa magharibi saa ya hatari huja baadaye. Kipimo changu ni cha mguu: ukivua skii ukazama hadi magotini kwenye theluji iliyolowa, mmechelewa.

Ajali mbili zilizotokea jirani na huko unapaswa kuzijua. Tarehe 19 Machi 2012, kwenye mlima Sorbmegáisá, Kåfjord, ng'ambo ya Lyngenfjord, watu watano wa kundi moja la wageni kutoka Uswisi na Ufaransa walikufa, na kati ya waliofukiwa mmoja tu akapona. Tarehe 2 Januari 2019, chini ya Blåbærfjellet katika bonde la Tamok, Wafini watatu na Mswidi mmoja walifukiwa, na msako ulikwama mara kwa mara kwa sababu ya hali ya hewa na hatari ya maporomoko mengine. Ninazitaja kwa sababu ya jambo hilo la mwisho. Norwei ina helikopta za uokoaji na watu wa kujitolea wa hali ya juu, na uokoaji wa mlimani haulipiwi, lakini aliyefukiwa ana dakika chache. Walio wengi bado wako hai katika dakika 10 za kwanza. Ikifika nusu saa, walio wengi wameshakosa hewa. Helikopta haiwezi kuishinda saa hiyo. Wanaoweza kumtoa mtu akiwa hai ni wale alioandamana nao, na muuguzi anayejua kuhudumia aliyekosa hewa ni mtu wa thamani sana katika kundi, mradi si yeye aliyefukiwa.

Hapo ndipo vifaa vinapoingia. Kila mtu avae kifaa cha kutafutana, kinachotuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, kikiwa kimewashwa tangu kwenye gari na kukaguliwa na mwenzake kabla ya hatua ya kwanza. Abebe pia fito ya kukunja ya kuchomea theluji na koleo la chuma. Simu ikae mbali na kifaa hicho, hasa wakati wa kutafuta, kwani inavuruga mawimbi. Vifaa hivi havimzuii mtu kufukiwa, na bila mazoezi ni mzigo tu mgongoni. Tafuta kozi ya siku mbili kabla ya Aprili. Matawi ya Den Norske Turistforening, chama cha watembeaji milimani cha Norwei, na viongozi wa milima wenye beji ya IFMGA, shirikisho lao la kimataifa, huziendesha. Utashangaa kugundua kwamba kutafuta kwa mawimbi ni sehemu fupi, na kwamba kuchimba ndiko kunakomaliza muda na nguvu. Theluji iliyosimama baada ya poromoko hukaza kama saruji, na watu wanne wanaochimba kwa mpangilio huwahi kuliko sita wanaogombania shimo.

Skii zenyewe nina wasiwasi nazo kidogo, si kwa kupanda bali kwa kushuka. Kupanda utakuzoea upesi: chini ya skii hugundishwa ngozi za kupandia, mikanda yenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, inayoteleza mbele na kukataa kurudi nyuma, na kisigino huwa huru. Kitakachokusumbua ni kugeuka kwenye zigizagi mahali penye ukoko, ambapo unatakiwa kusimama kwa mguu mmoja huku ukizungusha skii ya pili hewani. Jifunze hilo bustanini, siyo mlimani. Kushuka, usitarajie theluji laini iliyosawazishwa ya kwenye lifti. Katika mteremko mmoja utakutana na unga, ubao uliopigwa na upepo, na ukoko unaobeba uzito hatua tatu kisha unavunjika ya nne. Anayeanguka kila mara huchoka, huchelewesha kundi, na huweza kuumia goti saa tatu kutoka barabarani. Ikiwa bado huwezi kushuka njia nyekundu ya kwenye lifti, ile ngumu inayotangulia nyeusi, bila kusimama na ukiwa na mkoba wa kilo nane mgongoni, ahirisha hadi mwisho wa Aprili.

Lingine ni nafasi yako kama mgeni. Kwa malezi yetu, aliyealikwa hapingi mpango wa wenyeji wake, tena mbele ya watu. Waambie kabla ya safari, kwenye chumba cha chai kazini, kwamba mtu yeyote akisema turudi, kundi zima linarudi bila kudai maelezo. Wanorwei watakuelewa mara moja, kwa kuwa kanuni zao za mlimani, ambazo kila mtoto huzisikia shuleni, zinasema kugeuka kwa wakati si aibu. Wakisita kulikubali hilo mkiwa bado mjini, tafuta kundi lingine. Msizidi watano, mpeane nafasi mnapovuka mahali penye shaka, na wengine wasubiri mahali ambapo poromoko halifiki.

Kwa safari yenyewe, kivuko kutoka Breivikeidet kitawafikisha Svensby, na kutoka hapo barabara inaelekea Lyngseidet. Muulize mwenyeji wenu kuhusu barafuto, yaani mito ya barafu ya mlimani, kama njia itagusa mojawapo, maana zina mipasuko iliyofunikwa na theluji na zinadai kamba na mafunzo mengine kabisa. Mwaka wa kwanza zikwepeni. Mkiona reinidia, wanyama wenye pembe wanaofugwa na Wasami, watu asilia wa kaskazini, wakihama, simameni au mzunguke mbali, kwani majike wana mimba na kukimbizwa kunawaumiza. Skii, viatu na ngozi azima au ukodi Tromsø, kwa sababu hujui bado kipi kitakufaa. Kifaa cha kutafutana nunua chako mwenyewe, ufanye mazoezi nacho kila juma hadi siku ya safari, na uweke betri mpya usiku ule mnapochora njia. Ajali ikitokea, mmoja wenu apige 112 mara moja wakati wengine wameshaanza kutafuta.